Simu Iliyokataliwa Sandukuni

Mjukuu wangu aliachika kwa sababu ya simu. Wapo wanaosema ni mdomo wa shangazi yake, na wapo wanaosema ni hasira za mume, lakini ukiwabana wote watakubali kwamba ilianza kwa simu, na hapo hawaongopi. Nayaandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la tatu, kwa hiyo anayesoma asinitafutie makosa ya herufi. Atafute mengine, yapo ya kutosha.

Huyu binti ni mtoto wa mwanangu wa kiume, marehemu, Mungu amrehemu. Baba yake alipofariki nikabaki mimi ndiye walii wake, yaani ndiye wa kumwozesha. Kwa utani wetu wa babu na mjukuu yeye ni mke wangu, na siku zote akinipa chakula nilikuwa namwambia, "Mke wangu, leo chumvi umenionea." Naye hujibu, "Mume mzee haongezwi chumvi, atakufa na presha." Tuliishi hivyo, mimi na yeye, hapa Kitomanga, katikati ya mikorosho ambayo mingine niliipanda kabla baba yake hajazaliwa.

Sasa kabla sijafika kwenye harusi lazima niseme habari za simu zenyewe, maana asiyejua zinavyosemwa huku ataona sisi ni wendawazimu.

Simu hizi za kupapasa zina majina ya viwandani ambayo ulimi wangu hauyawezi. Nadhani hata vijana wanayakosea, ila wao wanayakosea haraka haraka ndiyo maana hatuwashtukii. Pale kwenye banda la kuchajia, karibu na mashine ya kukoboa, tumezipa majina yetu. Ipo ya Wakubwa, ambayo kila mtu anaitaka, na tuliyoiona zaidi ni ile ya mheshimiwa akiwa nayo sikioni ndani ya gari, kioo kimefungwa. Ipo ya Mapicha, wanayoipenda wasichana kwa sababu inamsafisha mtu uso mpaka mama yake mzazi anamkataa. Ipo Sabuni, nene, nzito, kona butu kama kipande cha sabuni ya kufulia. Hiyo wanashika wachoma mkaa, madereva wa malori na watu wa pwani. Na zipo zisizo na jina, zinazokuja kila korosho zikishalipwa, zimetandazwa kwenye turubai pamoja na vitenge na sufuria, na muuzaji anaapa kwa Mungu kila baada ya sentensi.

Kwenye lile banda simu zinalala kwenye ubao zimechomekwa nyaya, na wenyewe wamekaa kwenye benchi wakizisubiri na kuzisema. Hapo ndipo mtu anaposikia hukumu.

"Ya Wakubwa hailinganishwi na kitu," alisema siku moja jirani yangu, fundi cherehani.

"Umewahi kuishika?" akaulizwa.

"Sijaishika."

"Sasa unajuaje?"

"Na Makka sijafika, lakini najua ni pazuri."

Mwenye banda mwenyewe alikuwa anaisifia Sabuni. Akasema hiyo ikikuangukia mguuni unalia wewe, yenyewe inaendelea kupiga muziki. Watu wakacheka, lakini si kwa kukubali. Sabuni ilisifiwa kama anavyosifiwa punda. Kila mtu anajua punda ana nguvu, na hakuna anayetaka kupigwa picha juu yake. Na hao wote waliokuwa wakihukumu, ukitazama pale ubaoni simu zao zilikuwa zimefungwa mipira ya manati zisiachane. Mimi nilikuwa na kiswaswadu changu cha vibonyezo, ninacho mpaka leo, na kwa kuwa nilikuwa na kiswaswadu hakuna aliyeniuliza naonaje.

Uliwahi kupita mwaka serikali ikazizima simu za bandia nchi nzima. Kabla ya hapo tuliambiwa kila mtu apime yake: bonyeza nyota, reli, sufuri, sita, reli, zitatokea namba, uzitume, ujibiwe. Benchi zima likabonyeza. Wengine majibu yakaja kwamba simu zao hazitambuliki, wakasema mtambo umekosea. Siku ilipofika zikazimika kweli, na mtu mmoja aliyekuwa akijisifu kuliko wote alizunguka na simu yake mfukoni muda mrefu, imekufa, anaitoa anatazama saa isiyokuwepo. Nilidhani watu watajifunza kitu. Walichojifunza ni kusema "hii ni orijino" kabla hujawauliza.

Nisiwasingizie vijana peke yao. Siku naoa mimi, shangazi wa mke wangu alikitia mdomoni kitenge nilicholeta, akakitafuna pembeni ajue kama rangi inatoka. Ikatoka kidogo. Mke wangu, Mungu amrehemu, alinisimanga kwa hilo mpaka wajukuu wakalijua. Lakini alikivaa kile kitenge mpaka kikawa nepi. Basi, tuyaache hayo.

Mchumba wa mjukuu wangu alitoka Pande, upande wa Kilwa. Analima ufuta kidogo, lakini kazi yake hasa ni kaa. Anawanunua kaa wembamba kwa wavuvi, anawafungia kwenye vizimba vya fito huko kwenye matope ya mikoko, anawalisha mabaki ya samaki mpaka wananenepa, halafu anawapigia wanunuzi. Kijana mkimya, mikono imejaa makovu ya magando. Nilimpenda. Nikamwita mume mwenzangu, naye akaniita mume mkubwa, akainama akatoa shikamoo ndefu kama ya zamani.

Posa ikapita, mahari ikaeleweka, siku ikafika. Wakaja watu wa Pande na gari lao, wanawake wanaimba, na sanduku juu ya kichwa cha dada yake mkubwa.

Sanduku kwetu ni jambo la wanawake. Bibi harusi anakalishwa katikati ya mkeka, amefunikwa khanga gubigubi, hatakiwi kuinua kichwa wala kutamka neno. Akisema hata "maji" watasema ana uso mkavu, na litamfuata mpaka uzeeni. Wanawake wa upande wa mume wanafungua, wanatoa kitu kimoja kimoja, wanakiinua juu, na wa upande wa mke wanapiga vigelegele. Kitu wasichokipenda wanakinyamazia. Kinawekwa pembeni, na sanduku linaachwa wazi. Likiwa wazi, shehe haitwi. Mimi na wanaume wenzangu tulikuwa barazani, tunakunywa kahawa, tunasikiliza. Ukiwa na masikio mazuri unaweza kulijua sanduku zima bila kuliona: khanga zikapita, viatu, manukato, udi, hereni. Hereni zilipigiwa kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

Halafu kimya.

Nikasikia sauti ya binti yangu, shangazi mtu. Huyu anakaa Lindi mjini, anauza vipodozi, na mwenyewe ana ya Wakubwa, anaishika mkononi kutwa nzima kama aliyekatazwa kuiweka chini.

"Hii nini?"

"Simu, dada," akajibu dada wa bwana harusi.

"Simu naiona. Nauliza mbona mmetuletea tofali."

Wakacheka wanawake wote, wa kwetu. Yule dada wa watu akajitahidi. "Dada, ni simu nzuri hiyo, inakaa chaji."

"Inakaa chaji! Kwani tunaozesha binti au tunafunga taa ya barabarani?"

"Kaka yetu mwenyewe anatumia hii hii, anaingia nayo kwenye mikoko, inatoka salama."

"Basi aingie nayo yeye. Mwanetu haendi kuvua kaa. Wachoma mkaa ndio wanashika hiki. Jamani, watu wa Pande, mmetuona sisi ni wachoma mkaa?"

Kicheko kikaja tena mpaka barazani, na wanaume wa kwetu nao wakacheka, yule fundi cherehani akicheka kuliko wote, "Sabuni! Wamemletea Sabuni!" Bwana harusi alikuwa amekaa palepale kwenye jamvi, kanzu mpya, kofia mpya. Hakucheka wala hakusema. Alikuwa anatazama mlango wa ndani, pazia lile, kama mtu anayengoja kitu kitoke. Mimi nilidhani anangoja wanawake wapoe. Sikujua anachongoja.

Shehe aliweka kikombe chini akasema, "Sanduku halimo kwenye nguzo za ndoa. Lakini mimi nikiingia huko ndani kuwaambia, nitatoka bila kilemba." Wakacheka na hilo. Mimi walii nikanyamaza, kwa kuwa toka nizaliwe sijaona mwanamume anaingilia sanduku.

Ikaamuliwa kwamba simu ibadilishwe, iletwe ya Wakubwa. Watu wa Pande wakasema hawajui inauzwa wapi. Binti yangu akatoka mpaka mlangoni akawaelekeza yeye mwenyewe, kwa kidole: "Nendeni Lindi, pale jirani na stendi, kwa kijana wangu. Mwambieni nimewatuma mimi. Yule hauzi takataka, hata yangu nilinunua kwake." Naomba msomaji asiyasahau maneno hayo, kwa sababu aliyeyasema ameyasahau.

Rafiki wa bwana harusi akaondoka na gari. Pilau likapoa. Wazee wa Pande walikaa upande mmoja wa jamvi na sisi upande mwingine, tukatazamana kama watu wanaongoja maiti itoke hospitali. Lilipokaribia jua kuchwa gari likarudi, boksi jeupe dogo likapita juu ya vichwa, na mle ndani vigelegele vikalipuka kuliko vya hereni. Binti yangu aliipiga picha kwa ya kwake, akairusha. Sanduku likafungwa. Shehe akaitwa. Mjukuu wangu akaolewa.

Nakwenda haraka hapa kwa sababu wakati wenyewe ulikwenda haraka. Mwanzoni alikuwa anapiga, anasalimia, ananiuliza nimekula nini na nani anatia chumvi. Halafu ikawa nikimpigia hapatikani. Nikasema ni mtandao wa Pande. Kumbe ya Wakubwa ilikuwa imevimba. Betri lilinyanyuka likasukuma kioo kama andazi linavyonyanyua kifuniko. Shemeji yake akaipeleka kwa fundi, fundi akaifungua, akacheka, akawaita wenzake waje waone. Juu ya Wakubwa, ndani ile isiyo na jina ya kwenye turubai. Hata namba za nyota reli zilikuwa za simu nyingine kabisa.

Angekuwa na akili mtu, ilikuwa iishe hapo. Tungesema tumeibiwa wote, tukacheka, tukanyamaza. Lakini binti yangu alikuwa ameshairusha ile picha kwa kila mwanamke anayemjua kati ya Lindi na Mtwara. Akaja Kitomanga, akaita kikao uani kwangu, akamwita kijana kutoka Pande, akaja na mkewe. Mjukuu wangu akakaa kwenye mkeka kajifunika khanga, maana mbele ya wakwe na wazee ndivyo anavyokaa mke mpya.

"Umemwekea mwanetu bandia kwenye sanduku," binti yangu akaanza. "Mtu anayeweka bandia sandukuni, na hayo mengine aliyoyasema tutayaaminije?"

Kijana akasema, kwa adabu, "Shangazi, nani alituonyesha duka lile?"

"Duka zuri. Macho yako ndiyo mabaya. Umezoea kuchagua kaa, simu utaijulia wapi?"

Watu wakacheka. Walicheka! Nilikuwepo. Yule kijana akageuka akamtazama mkewe. Akamtazama muda mrefu, tena kwa namna ileile aliyolitazama pazia siku ya harusi. Mkewe hakuinua kichwa.

"Sema, basi," binti yangu akamchokoza. "Au nawe umezimika kama simu yako? Kama humuwezi, mwache. Wanaume wapo."

Akamwacha. Talaka moja, mbele ya watu, sauti ya chini, kama anayetaja bei asiyotaka isikike. Na hilo simsamehei, nimemwambia usoni. Maneno ya mwanamke mmoja si sababu ya kumwacha mwanamke mwingine.

Mjukuu wangu akabaki kwangu na eda yake. Kwa sheria, eda ikiwa haijaisha mume anaweza kumrudia kwa neno tu. Nilitaka kwenda Pande kumtoa hilo neno, lakini masika yalikuwa yameingia, njia ya Pande ikawa uji, na goti langu hili likavimba. Nikamtuma mtu, akarudia njiani. Nikapiga simu, hakupokea. Eda ikaisha kwa mvua.

Wakati huo huo nikawa nasikiliza kule kwenye banda la kuchajia, na lililoniuma kuliko yote ni hili. Jina la ya Wakubwa halikuchafuka hata kidogo. Hakuna aliyesema simu ile mbaya. Walisema orijino ingekuwa ni moto, ingedumu mpaka kiama. Duka nalo halikuchafuka, na lipo mpaka leo, lina taa za rangi. Lililochafuka ni jina la kijana, na baada ya hapo jina la Pande nzima. "Watu wa Pande si wa kuozesha mtoto," nikasikia fundi cherehani akisema. "Wanaweka bandia." Huyu ambaye hajaishika hiyo simu maishani mwake. Nikamwambia suruali unazoshona wewe ndizo bandia, zinapasuka matakoni siku ya Idi. Akanuna. Mpaka leo nguo zangu nazishona mwenyewe kwa sindano.

Na yule mtoto alikuwa anafagia ua. Asubuhi anafagia, alasiri anafagia tena palepale, hakuna jani. Nikimtania, "Mke wangu," hanijibu. Chakula kikawa na chumvi sawasawa, nikakosa la kusema.

Mvua ilipokata nikapanda bodaboda mpaka Pande, goti na yote. Nilimkuta mikokoni, matope yamemfika mapajani, anafunga fito za kizimba. Simu yake, Sabuni, ilikuwa inaning'inia shingoni kwa kamba ya nailoni, imejaa chumvi, na wakati nikiwa nimesimama pale ikaita, akaipokea kwa kidole cha matope, akaongea habari za kaa, akaiachia ikaning'inia tena.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Siku hizi si mume mkubwa tena?"

Akatazama maji. "Nimeacha, babu. Nitakuitaje mume mwenzangu?"

Nikamwambia yote niliyokuja nayo, makali na laini. Nikamuuliza mwanamume mzima unaachaje mke kwa maneno ya shangazi. Akanawa mikono polepole, akaja tukakaa kwenye gogo.

"Babu, mimi mke namtaka. Lakini nilimngoja aseme, hakusema. Siku ya harusi nikangoja, kikaoni nikangoja."

"Aseme nini?"

"Ile simu hakuichagua mtu mwingine. Aliichagua yeye."

Nikadhani sijasikia. Akarudia. Akasema walikuwa wanaongea kabla ya ndoa, na yule binti alimuuliza huko Pande umeme upo? Akamjibu nyumbani pana kisola kidogo, kinawasha taa na kuchaji simu moja kwa zamu, na siku za mawingu hata hiyo hapana. Binti akasema, basi niwekee kama yako, hizo nyingine zitakuwa pambo. Na alisema anataka nyeusi isionyeshe uchafu.

"Mliongea lini, na wewe hujamwoa?"

"Babu, si unajua."

"Sijui. Hakuwa na simu."

Akainamisha kichwa, na nadhani alikuwa anazuia kucheka, Mungu wangu, katikati ya balaa lile. "Alikuwa anatumia ya kwako."

Ya kwangu! Kiswaswadu changu! Mwaka mzima nilikuwa naitukana kampuni ya simu kwamba inakula vocha zangu. Nilisimama benchi zima linasikiliza, nikasema wale ni wezi, nikaapa nitahamia mtandao mwingine. Kumbe mwizi alikuwa ananipikia.

Niliporudi nyumbani sikumwita "mke wangu". Nilimwita kwa jina lake, akajua nimeshaambiwa. Akaacha ufagio.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema wapi, babu? Nimefunikwa."

"Na kikaoni?"

"Nimefunikwa." Akakaa chini. "Na ningesema nimeichagua mimi, shangazi angeuliza mlionana wapi. Angesema nimeanza uhuni ndani ya nyumba yako. Nikaona heri wamcheke yeye, ni mwanamume, atavumilia. Nilijua tukifika kwetu tutacheka wawili. Siku ya harusi, tukiondoka, nilimwambia hata ile Sabuni asiirudishe dukani, nitaitumia mimi, hiyo ya Wakubwa tuifungie. Shemeji akaichukua kabla sijafika."

Akalia. Namtetea hapa mbele ya kila anayesoma: huyu binti hakukosea. Tumemfundisha sisi kwamba mwanamke wa maana ni yule anayenyamaza wakati mambo yake yanaamuliwa, akafuata, halafu tukamwachisha kwa kunyamaza kwake.

Nikampigia binti yangu aje. Nikamweleza. Nilidhani atalainika, ni mtoto wangu, nimemlea. Alisikiliza huku ya Wakubwa yake imefungwa kwenye leso mbichi, maana siku hizo ilikuwa inapata moto mpaka haishikiki, ila ukimuuliza anasema ni jua.

"Kumbe walikuwa wanapigiana," akasema. Basi. Hilo ndilo alilolisikia.

"Wanataka kurudiana," nikamwambia.

"Eda imeisha. Ndoa mpya, mahari mpya, sanduku jipya. Na safari hii, baba, sanduku nitalifungua mimi, na kila kitu nitakikagua mbele ya watu. Hatutachekwa mara mbili."

"Kijana amesema sanduku halileti tena."

"Basi haoi."

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni, kasimama na sinia. Akasema, sauti nzima, bila khanga usoni, "Na mimi sikai tena kwenye mkeka ule, shangazi." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimjibu mkubwa. Binti yangu alimtazama kama aliyetemewa mate.

Nikafikiri usiku kucha, na nilikuwa naogopa, sifichi. Mimi ni mzee, goti bovu, na huyu binti yangu ndiye anayenitunza. Dawa ananiletea yeye, sukari yeye, sabuni ya kuogea yeye. Lakini walii ni mimi. Ijumaa ile nikamwita kijana kutoka Pande, akaja na kaka yake tu. Baada ya sala ya alasiri tukabaki msikitini: shehe, mashahidi, na sisi. Mahari ilikuwa msahafu na ahadi, tukakubali. Nikamshika mkono, mkono wa makovu, nikasema maneno ya kumwozesha, yeye akasema amekubali. Nje hakuna aliyepika wala kuimba. Mjukuu wangu alikuwa anangoja kwa jirani na kifurushi chake. Akaja akapiga magoti, akanishika miguu, akasema, "Babu, utakula nini?" Nikamwambia nenda, bodaboda inaunguruma. Akaenda.

Kijiji kikasema nimemtoa kwa siri, lazima ana mimba. Hana. Wakasema nimehongwa kaa. Kaa nimeletewa kweli, ila ilikuwa baadaye.

Jioni ile nikarudi nyumbani polepole kwa ajili ya goti. Mlango ulikuwa wazi. Binti yangu alikuja kutoka Lindi nikiwa msikitini, mtu alikuwa amempigia. Hakuningoja. Alichukua ndoo ya maji aliyoninunulia, akachukua jiko la gesi, chandarua, na godoro. Kitanda aliniacha nacho, kwa sababu kile ni changu, nilikichonga mwenyewe. Ndicho ninachokalia sasa hivi nikiandika, kamba zake zinaniuma, na toka siku ile hajaja wala hajapiga.